Farasi wa Kuazima

Ninaandika haya nikiwa na hasira kidogo, na msomaji anisamehe. Siku hizi haupiti mwezi bila kijana wa gereji kuniambia kwamba gari langu "limefungwa". Ati pikapu yangu ya dizeli yenye tabo ilitoka kiwandani na nguvu zilizofichwa, na yeye, kwa kompyuta ndogo na waya mmoja, atazifungua kwa muda wa kunywa chai. "Mzee, hatubadilishi hata bolti moja," husema, "na mafuta yatapungua." Nguvu ziongezeke, mafuta yapungue, na kifaa kisibadilishwe! Tangu lini dunia hii ikampa mtu vitu vitatu kwa bei ya kimoja?

Sikatai kwamba ufundi huo upo. Tangu kompyuta ilipokabidhiwa injini ya dizeli, kiasi cha mafuta, wakati wa kuyanyunyiza na shindo la hewa itokayo kwenye tabo havipangwi tena kwa skrubu. Hupangwa kwa majedwali ya tarakimu, ambayo mafundi huyaita ramani. Badili tarakimu, na injini itabadili tabia. Wala sikatai kwamba viwanda huacha akiba. BMW iliuza injini yake ya lita 2.0 iitwayo N47 ikiwa na nguvu za farasi 116 katika gari moja, 143 katika jingine na 177 katika jingine. Kijana akisema kwamba kiwanda hupima nguvu kwa kutazama mfuko wa mnunuzi, hajasema uongo mtupu.

Uongo wake umo katika neno "bure". Gramu moja ya dizeli inahitaji takriban gramu 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa ndani ya silinda mafuta na hewa havichanganyiki sawasawa, injini lazima ipewe hewa zaidi ya hiyo. Ukiongeza mafuta bila hewa ya kutosha utaona moshi mweusi kwenye eksozi: hayo ni mafuta uliyoyanunua, yanatoka yakiwa masizi. Ukiongeza hewa, basi tabo, ambayo tayari huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa vyovyote joto hupanda, na pistoni za magari yetu haya madogo ni za alumini, madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 660. Akiba anayoisema kijana ndiyo hiyo: nafasi iliyopo baina ya pistoni nzima na pistoni iliyotoboka.

Nafasi hiyo haikuachwa kwa ubahili. Iliachwa kwa ajili ya mahali kama Kitonga. Anayeijua barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya anajua kwamba baada ya Ruaha Mbuyuni mlima unakungoja. Gari lenye mzigo huukwea kwa gia ndogo, mguu umekandamiza mafuta dakika baada ya dakika, na upepo wa kupoza rejeta ni haba. Gereji hupima nguvu kwa sekunde chache, pikapu ikiwa tupu, kisha humpa mteja karatasi yenye mstari uliopanda. Mstari ule haujapanda Kitonga. Wala klachi, giaboksi na gasketi ya silinda hedi hazikuulizwa kama ziko tayari kubeba farasi hao wapya.

Wazee wa kazi hii hawashangai. Enzi za pampu zisizo na kompyuta, fundi alizungusha skrubu ya pampu kidogo tu, lori likapata nguvu na moshi kwa pamoja. Ramani ya leo ni skrubu ileile iliyovaa suti. Tofauti ni kwamba skrubu iliacha alama ya spana, lakini tarakimu haziachi alama ambayo mtu wa kawaida ataiona. Hapo ndipo ninapogomba hasa. Mwenye gari akitaka kuunguza pistoni zake, ni zake. Lakini gari halikai na mtu mmoja. Litauzwa, na mnunuzi atapewa ufunguo na kadi, asiambiwe neno. Au atapewa dereva wa kuajiriwa, na injini ikimfia mlimani, yeye ndiye atakayeitwa mzembe.

Wengine hawaishii hapo. Hutoa chujio la masizi kwenye eksozi, kisha huiamuru kompyuta isahau kwamba liliwahi kuwapo. Sababu yao ni kwamba chujio huziba. Kweli huziba, hasa kwa gari la safari fupifupi za mjini, kwa kuwa huhitaji mwendo mrefu wenye moto ili lichome masizi yake. Lakini choo kikiziba, hatukibomoi tukaenda kujisaidia njiani. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayeuvuta si mwenye pikapu aliyefunga vioo. Ni mama anayechoma mahindi kando ya barabara, na mtoto anayengoja daladala. Hao hawakupewa farasi hata mmoja.

Watanijibu kwamba hata viwanda vikubwa hudanganya. Naam. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari linapimwa, ikapunguza gesi za sumu wakati huo tu. Kampuni ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Lakini hoja hii inanisaidia mimi. Ikiwa tarakimu za kampuni inayokaguliwa na serikali zilikaa miaka bila kugunduliwa, nani atazigundua zile zilizobadilishwa uani kwa fundi?

Sisemi gereji zifungwe. Nasema anayeuza nguvu aandike alichouza: ramani ya awali aliitunza wapi, mafuta na hewa vimeongezwa kwa kiasi gani, joto la eksozi lilifika wapi gari likiwa na mzigo mlimani, na chujio lipo au halipo. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya gari, na kila atakayelinunua aisome. Fundi anayejiamini hataogopa kutia sahihi. Anayeogopa, usimpe ufunguo wako. Wahenga walituonya kwamba cha kuazima hakistiri matako, na farasi wa kuazima naye ana mwenyewe, ambaye siku moja atakuja kumdai.