Gego Halisemi Uongo



Hivi karibuni nilizuru jamaa zetu waliohama Mombasa kwenda Ruiru. Binti yao wa miaka 14 hacheki ila kwa kufunika kinywa. Meno yake ya pembeni na magego ya nyuma yana madoa ya kahawia, na shangazi zake humwita mvivu wa mswaki.

Daktari wa meno aliyalinganisha magego yake. Gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka 6, lakini tabaka lake gumu la nje hujengeka tangu kuzaliwa hadi kiasi cha miaka 3. Gego la pili huota kwenye miaka 12, na tabaka lake hujengeka kati ya miaka 3 na 8. Floraidi ikizidi katika maji wakati huo, huacha madoa ndani ya jino, wala mswaki hauyaondoi.

Binti huyu alihamia Ruiru akiwa na miaka 4, akanywa maji ya kisima kirefu. Gego la kwanza ni safi. La pili lina madoa.

Enyi kina mama wa Thika na Ruiru, pelekeni maji ya visima maabara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi floraidi.

Nanyi shangazi, mwombeni radhi mtoto. Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana.

Wabillahi tawfiq.