ECG yako imetoka safi, mbona kifua bado kinabana?

Kama umewahi kufika hospitali na maumivu ya kifua, huenda ulilazwa kitandani, ukabandikwa vibandiko sita kifuani na vingine vinne mikononi na miguuni, kisha mashine ikatoa karatasi yenye mistari inayopanda na kushuka. Hicho ndicho kipimo cha ECG. Ni cha haraka na hakiumi. Shida huanza pale unapoambiwa "ECG yako iko safi" na kurudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo, huku kifua bado kinabana.

Vibandiko hivyo kumi huutazama moyo kutoka pembe 12, na vile vya kifuani vyote viko mbele na upande wa kushoto. Msuli wa moyo unapokosa damu ya kutosha, umeme wake hubadilika, na mabadiliko hayo husambaa hadi kwenye ngozi. Yakitokea ukuta wa mbele wa moyo, ECG mara nyingi huyaona. Yakitokea ukuta wa nyuma, unaoelekea mgongoni, mistari inaweza kubadilika kidogo tu, na asiye makini akaipita. Ni sawa na kukagua nyumba ukiwa umesimama barazani: moto ukianzia jiko la uani, huuoni.

Ndiyo maana watafiti wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, walitengeneza kipimo chenye vibandiko 80: 64 mbele na 16 mgongoni. Kompyuta hukusanya umeme kutoka kila kibandiko na kuchora ramani ya kiwiliwili kwa rangi. Kijani ni hali ya kawaida, nyekundu ni mahali umeme umepanda kupita kawaida, na bluu ni pale uliposhuka. Doa jekundu mgongoni humwambia daktari jambo ambalo karatasi ya kawaida ilinyamaza.

Je, tofauti hiyo ina maana kwa mgonjwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wagonjwa 1,830 wa maumivu ya kifua. ECG ya kawaida ilibaini 91 wenye mshtuko wa moyo wa aina inayohitaji mshipa uzibuliwe haraka. Ramani ilionyesha wengine 25 wenye dalili hizo, ambao ECG ya kawaida haikuwaona. Madaktari waliowatibu hawakuonyeshwa ramani hizo, hivyo waliwahudumia kwa utaratibu wa kawaida. Wale 91 walifikishwa kwenye chumba cha kuchunguza mishipa ya moyo kwa takriban saa moja. Wale 25 walisubiri zaidi ya saa 16. Kwa msuli wa moyo unaokosa damu, hizo ni saa nyingi mno.

Hata hivyo, ramani hii haijaenea. Vibandiko 80 huchukua muda kuvipanga, vifaa ni ghali, na wakati mwingine rangi huashiria hatari ambayo haipo. Kwa maoni yangu, kununua vazi hilo kabla ya kila hospitali ya wilaya kuwa na ECG inayofanya kazi, karatasi za kuchapishia na mtu wa kuisoma usiku wa manane ni kuanza na paa kabla ya msingi.

Zaidi ya hapo, sehemu ya faida yake tunaweza kuipata leo. Daktari akishuku ukuta wa nyuma, anaweza kuhamishia vibandiko vitatu mgongoni, chini ya bega la kushoto, kwa mashine ileile. Anaweza kurudia ECG maumivu yakiendelea. Anaweza pia kupima troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo unapoumia. Hii nayo huweza kuwa ya kawaida mwanzoni, kwa hiyo hurudiwa baada ya saa chache. Usione haya kuuliza: "Daktari, tunarudia lini?" Uliza hasa kama una kisukari, shinikizo la damu au unavuta sigara. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawapati maumivu makali, bali uchovu usio wa kawaida, jasho jembamba au kukosa pumzi.

Saa za mkononi zinazopima ECG, ambazo siku hizi mnaniletea kliniki, zinasaidia kuona mapigo yasiyo na mpangilio. Hazikutengenezwa kubaini mshtuko wa moyo. Usiitazame saa huku kifua kinabana, nenda hospitali.

Kwa wazazi, maumivu ya kifua ya mtoto mara chache hutoka moyoni. Mengi ni ya misuli, mbavu au kikohozi. Lakini mtoto anayeumwa kifua au kuzimia akiwa anakimbia au anacheza mpira achunguzwe moyo bila kusubiri.

Na ukipimwa ECG siku ambayo huumwi, omba nakala au ipige picha kwa simu. Siku ukiumwa, daktari ataiweka pembeni ya ile mpya na kuona kilichobadilika.