Kifaru cha Plastiki na Nusu ya Ukweli



Huenda umepata kumwona kijana wa nyumbani mwako ameinama mezani, gundi mkononi, akiunga kipande kwa kipande kifaru kidogo cha plastiki alicholetewa na ami yake kutoka Dubai. Wako watu wazima wanaomcheka: "Mchezo huo! Gurudumu likiwa hivi au vile, lina nini?" Na wako watu wazima wengine, hasa huko Ulaya na Marekani, wanaokesha wakigombana kwa ajili ya nati moja. Makundi yote mawili yamekosea, na hili la pili limekosea zaidi.

Nianze na wenye kudharau. Chukua kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger, chenye uzito wa tani 57 hivi. Vifaru hivyo vilipelekwa Tunisia mwishoni mwa mwaka 1942, na vita vya huko vikaisha Mei 1943. Magurudumu yake yalikuwa yamezungushiwa mpira. Yale ya chuma yalikuja mwaka 1944. Kadhalika ule ukandiko wa Zimmerit, uliopakwa ubavuni ili mabomu ya sumaku yasigande, ulianza baada ya vita vya Tunisia kwisha. Basi anayeunga kifaru chenye magurudumu ya chuma na ukandiko huo, akakipaka rangi ya mchanga na kukiandika "Tunisia", amesema uwongo bila ya kufungua kinywa. Mfano ni ushahidi, na shahidi hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Mtoto akizoea kusema "si kitu" katika jambo dogo, kesho atasema "si kitu" dukani, mbele ya mizani.

Sasa nyinyi wenye kuhesabu nati. Kifaru kimoja cha aina hiyo, namba 131, kilitekwa na Waingereza huko Tunisia Aprili 1943, na leo kimo katika makumbusho ya Bovington, Uingereza. Mwakijua ndani na nje. Vyema. Lakini jee, mwajua mtutu ule wa milimita 88 ulisimama katika shamba la nani?

Tazameni kazi zenu. Kifaru kimepimwa barabara, kisha kimewekwa juu ya mchanga mtupu, kana kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe. Kaskazini ya Tunisia, palipopiganwa miezi ile, ni nchi ya vilima, mashamba ya ngano na mizeituni, na watu wake walikuwamo. Mji wa Bizerte uliachwa magofu. Na huko Misri, kando ya El Alamein palipopiganwa mwaka 1942, mabomu yaliyofukiwa ardhini yaliendelea kuua na kulemaza Mabedui na wachungaji miaka mingi baada ya majeshi kurudi kwao. Yako wapi hayo katika meza zenu? Hata kwa mizani yenu wenyewe, mmepunja. Aliyekosea gurudumu mnamwita mwongo. Aliyefuta watu wa nchi nzima mnampa zawadi.

Katika kipimo cha 1/35, ambacho ndicho kilichozoeleka, mtu mzima hupata sentimita 5 tu, na Tiger pamoja na mtutu wake hupata 24. Ni rahisi kumsahau huyo wa sentimita 5. Lakini ukweli wa chuma usio na ukweli wa mtu ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mwalimu mbaya.

Kwa hiyo, mzazi, usimnyang'anye mwanao kifaru chake, wala usimcheke. Keti naye. Mwambie ahakikishe magurudumu. Kisha fungua ramani, mwonyeshe Tunisia, umuulize: "Na watu wa hapa, mwanangu, walikuwa wapi siku hiyo?" Akishindwa kujibu, kazi yake haijamalizika, hata kama gundi imekauka.