Deni Letu kwa Farasi na Panya

Wako watu wasemao ya kwamba kuwajaribia wanyama dawa ni ukatili mtupu, na ukomeshwe leo. Wako na wengine, nao ndio wengi huku kwetu, wasemao kwamba panya ni panya tu, atendwe vyovyote. Makundi haya mawili yote yamekosa, nami nitayajibu kwa mfano ulio karibu nasi, yaani dawa ya sumu ya nyoka.

Sisi watu wa Bungu twamjua kifutu alalaye chini ya majani ya mikorosho, na koboko apitaye vichakani. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa kila mwaka nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000. Je, dawa iwaponyayo walioumwa yatoka wapi? Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha huongezewa, mpaka damu yake ipate nguvu ya kuishinda. Ndipo hutolewa damu hiyo na kusafishwa. Njia hii ilianza Ufaransa katika miaka ya 1890, na Albert Calmette alikuwa mmoja wa walioianzisha. Lakini nguvu ya dawa haijulikani kwa kuitazama chupani. Panya hudungwa sumu iliyochanganywa na dawa, kisha huhesabiwa: wangapi wamekufa, wangapi wamepona.

Nauliza kundi la kwanza: kipimo hiki kikiondolewa kabla ya kupatikana kingine cha kuaminika, atapimwa nani? Huko Ghana na Chad zililetwa dawa za bei nafuu zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia. Hazikuwafaa watu walioumwa na nyoka wa Afrika, na vifo vikaongezeka. Dawa isiyothibitishwa kwanza juu ya sumu ya nyoka wa mahali hujaribiwa katika mguu wa mkulima. Ni huruma gani hiyo, imwokoayo panya na kumzika mtu?

Lakini msifurahi mapema, ninyi msemao panya ni panya. Panya huyu hakuiba mahindi ya mtu. Sumu humtesa, naye hufa kwa ajili ya ugonjwa usio wake. Kama mwili wake usingefanana na wetu, kipimo kisingetufaa kitu. Basi mfanano ule ule umfanyao atufae ndio umfanyao adai huruma. Mamlaka tuliyopewa juu ya wanyama ni ya mchungaji, si ya mnyang'anyi. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kuwatesa.

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo matatu. Dawa ipimwe kwanza katika vyombo vya kioo, na ile iliyoshindwa hapo isifikishwe kwa mnyama. Panya wawe wachache, kadiri hesabu iwezavyo kutosheka. Tena wapewe dawa ya kutuliza maumivu, na yule asiye na tumaini asiachwe kugaagaa, bali auawe upesi. Haya yawezekana, Shirika lile lile la Afya limekwisha kuwahimiza watengenezaji.

Nasi wazazi na walimu tuanze nyumbani. Mtoto amchomaye panya moto apate kucheka hajifunzi utabibu. Ajifunza ukatili, na kesho atamtendea nduguye vivyo hivyo. Tumkanye leo.