Katoka ICU, lakini bado hajapona (Sehemu ya 4)

Leo nasema na nyie mama zangu, na nyie baba vijana, na pia nasema na sisi manesi.

Kuna siku kliniki alikuja mama aliyepata kifafa cha mimba, akalazwa ICU siku tisa. Nikampima mtoto uzito, nikajaza kadi, nikasema mtoto anaendelea vizuri. Wanageuka kuondoka ndo naona: mtoto kabebwa na wifi yake, yeye anashikilia ukuta. Nikamuuliza, "Na wewe je?" Akalia. Nyumbani wanamwambia anadeka.

Hadeki. Ukilala mahututi misuli inapungua haraka, ndani ya siku chache tu. Kuirudisha ni wiki, mara nyingine miezi. Wengine wanaota ndoto za kutisha, wanasahau sahau, wanaogopa kulala. Tangu 2012 madaktari wa ICU wameipa hali hii jina lake. Sio uvivu, wala hajarogwa.

Msimamo wangu ni huu: hospitali kubwa imemuokoa, lakini kumrudisha kwenye hali yake ni kazi ya zahanati na kituo cha afya cha mtaani kwenu. Na sisi tumezoea kupima mtoto, mama tunamsahau. Sio sawa. Mpaka tubadilike, tukumbushe:

1. Njoo na karatasi ya kuruhusiwa. Sema wazi, "Nililazwa ICU."
2. Omba upimwe presha, hasa kama ulipata kifafa cha mimba. Uliza dawa ipi unaendelea nayo, ipi unaacha.
3. Taja usingizi, ndoto na mawazo. Usione aibu.
4. Nyumbani tembea hatua chache kila siku, ongeza kidogo kidogo. Kula mayai, maharage, dagaa.

Na wewe baba uliyekesha kwenye benchi nje, woga ule unaweza kukubakia. Ongea.

Kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kupumua kwa shida, homa, mguu mmoja kuvimba, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto: usisubiri tarehe ya kliniki, nenda leo leo.

Yule mama tulimpangia aje kila wiki mbili. Mwezi wa nne alikuja kambeba mwanae mwenyewe.

Kwenu je, nani kamuuliza mama, "Na wewe je?"