Farasi 18 walitoka wapi?



Naomba niwaeleze wananchi wenzangu, hasa wa mikoa ya Geita na Shinyanga, jambo lililotupata kijijini kwetu, na niwaulize wahusika swali moja.

Kitongoji chetu bado hakijafikiwa na nguzo za umeme. Mwaka jana wazazi walichanga fedha, wengine wakauza mbuzi, ili tununue injini ya dizeli ya kuendeshea kinu cha kusaga mahindi. Watoto wangepata uji shuleni, na wanakijiji wangesagiwa kwa malipo nafuu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nikachaguliwa kuwa katibu wa kamati. Dukani tulikuta injini mbili. Moja ilikuwa nzito, ya bei kubwa, na muuzaji alisema ina farasi 16. Nyingine ilikuwa na kibandiko chekundu kilichosema farasi 18, na bei yake ilikuwa ya chini. Nikagawanya bei kwa farasi mbele ya wajumbe, nikawaambia tuchukue ya kibandiko. Ushauri huo ni wangu, siukani.

Kinu chetu kinadai farasi 15. Tangu wiki ya kwanza injini ilitoa moshi mweusi kila mahindi yalipomiminwa. Vijana wakaivuta gavana ili ikimbie zaidi. Mwezi wa tatu pistoni ikakamata. Fundi alipoifuta grisi ndipo nikaona kibati kidogo cha chuma ambacho sikukitazama dukani. Kiliandikwa kilowati 11.03 kwa kazi ya saa 12, na kilowati 12.13 kwa saa moja tu.

Farasi mmoja wa injini ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja, yaani kama kilowati 0.735. Kipimo hiki kilianza kwa James Watt wa Uingereza, karne ya 18, alipotaka wanunuzi waelewe mashine yake ya mvuke ingechukua nafasi ya farasi wangapi. (Angezaliwa Usukumani angetumia maksai.) Ukigawanya 11.03 kwa 0.735 unapata farasi 15. Hata ile hesabu ya saa moja haifiki 17. Kisha huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taba hupoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mkanda nao unakula chake. Tulibakiwa na farasi 13 hivi, tukawatwika mzigo wa 15 kutwa nzima. Wale 18 wa kibandiko sijui walitoka wapi.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Vijana wa mabanda ya video hushangilia magari ya Kimarekani ya zamani yenye injini kubwa, na hutajiana farasi zake kama wanavyotajiana magoli. Waulizeni kama wanajua habari ya Corvette yenye injini ya LT-1. Mwaka 1971 ilitangazwa kuwa na farasi 330, na mwaka 1972 ikatangazwa 255. Injini haikupunguzwa kitu. Zamani waliipima juu ya meza, bila chujio la hewa, bila ekzosi kamili, bila vifaa inavyovizungusha ikiwa ndani ya gari. Kuanzia 1972 viwanda vya Marekani vikaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imevaa vyote. Wanunuzi walisikitika kuona tarakimu zimeshuka, lakini angalau walijua wanachonunua.

Tena farasi peke yao hawatoshi. Pikipiki ya bodaboda ya sisi 150 inaweza kutoa farasi wanaokaribia 12, na injini ya dizeli ya silinda moja aina ya S195 nayo ina farasi 12. Lakini pikipiki inawapata ikizunguka karibu mara 8,000 kwa dakika, na dizeli ile ikizunguka mara 2,000. Kwa hiyo dizeli inasokota shafti kwa nguvu kama mara nne. Anayenunua aulize mizunguko pia.

Ninaandika hasa kwa ajili ya wenzetu wa mialoni. Karasha la kusaga mawe ya dhahabu huzunguka na gololi zake za chuma tangu asubuhi hadi usiku, na mara nyingi injini imenunuliwa kwa mkopo. Hapo hesabu ya saa moja haina maana yoyote. Inayofaa ni ya saa 12.

Swali langu kwa Wakala wa Vipimo na Shirika la Viwango ni hili: mkulima wa pamba analindwa kwa kukaguliwa mizani, na mwenye gari kwa kukaguliwa pampu ya mafuta. Je, mnunuzi wa injini analindwa na nani? Naomba kila injini inayouzwa iwe na maandishi ya Kiswahili yanayosomeka, yenye kilowati za kazi ya kutwa na mizunguko yake, na kibandiko kinachopingana na kibati kiondolewe dukani.

Muuzaji wetu anasema tuliiharibu wenyewe kwa kuvuta gavana, na katika hilo ana sehemu ya haki. Injini iko kwa fundi, inasubiri pistoni na silinda mpya. Kamati inakutana Jumamosi kuamua kama tuitengeneze na kuifungia kinu kidogo zaidi, au tuiuze. Mimi nitapendekeza kinu kidogo, kama bado watanisikiliza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Geita.