Ujira wa Shahidi wa Vita

Tarehe 25 Agosti 2025 jeshi la Israel liliishambulia hospitali ya Nasser mjini Khan Younis, Gaza, na kuua watu wasiopungua 20. Watano kati yao walikuwa waandishi wa habari. Mmoja wao, Mariam Abu Dagga, mama wa mtoto mmoja, alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyelifanyia kazi shirika la Associated Press.

Wengi wa waandishi wa aina hii hulipwa kwa picha au kwa habari moja moja. Hawana mkataba wa kudumu, na mara nyingi hata bima hawana. Nao ndio waliobaki kuwa macho ya ulimwengu, kwani vita vilipoanza Oktoba 2023, Israel iliwazuia waandishi wa kigeni kuingia Gaza ila kwa kusindikizwa na jeshi lake.

Ndugu Waislamu, Surat al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakiki habari. Tutahakiki kwa nani, mashahidi wakimalizika? Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi shirika linalouza picha haliwezi kujivua dhima kwa hoja kwamba marehemu hakuwa mwajiriwa wake.

Huko London, taasisi ya Rory Peck Trust, iliyoanzishwa mwaka 1995, huwasaidia waandishi hao na familia zao. Ni kheri kubwa, lakini sadaka haifuti deni la mwajiri. Nasi tunaozitazama picha hizo tuna haki ya kuwauliza wahariri wetu: aliyeipiga hii alilipwa nini, na nani alimkatia bima?